Kwa Bibi Fundi: Kigari kitaingia mdomoni kabla hakijafika sakafuni

Shikamoo Bibi Fundi. Mimi si seremala. Nina msumeno wa mkono, nyundo, tupa moja, na keekee niliyoazima kwa jirani. Mwanangu wa kiume ana miezi 14 na ameanza kusimama kwa kushika viti. Nataka kumtengenezea gari la mbao kwa mikono yangu mwenyewe. Nimechora lori lenye taa, kioo, usukani, ngazi ya dereva na tela nyuma. Mke wangu ameutazama mchoro akaniambia nikuulize kwanza. Nakutumia na mchoro wenyewe. Nianzie wapi?
*Baba wa Miezi 14*

Marahaba, mwanangu. Mpe mkeo salamu zangu, maana amefanya jambo la busara kukuelekeza huku kabla hujagusa ubao.

Mchoro wako ni mzuri, nami sikudanganyi. Ukunje uuweke mahali salama, umtolee mwanao akifika miaka minne au mitano, mlitengeneze lori hilo pamoja. Kwa sasa halimfai. Nimehesabu vipande ulivyokusudia kubandika nikafika 17, na kila kilichobandikwa, kwa mtoto wa umri huo, ni kitu kinachosubiri siku yake ya kung'oka. Taa itang'oka. Kioo kitapasuka. Ngazi itavunjika na kuacha ncha. Mtoto wa miezi 14 halitazami gari kama unavyolitazama wewe. Atalitia mdomoni. Atalilowesha mate, atalitafuna kwa hayo meno machache aliyonayo, ataligonga sakafuni asikie mlio wake, atalirusha, na siku moja ndipo atalisukuma likaenda. Kwa hiyo nikimchongea mtoto mdogo, kazi yangu naipimia mdomo kwanza, kisha kiganja. Macho huja mwisho.

Hilo sikulisoma popote. Nililifundishwa na mwanangu wa kwanza alipokuwa na mwaka mmoja na miezi mitatu. Wakati huo nilikwisha kuwa na miaka sita katika useremala, natengeneza milango na makabati, na niliamini kigari cha mtoto ni kazi ya jioni moja. Nikachonga gari dogo, zuri, jekundu. Magurudumu yalikuwa madogo, kipenyo chake hakikufika sentimita 3, na kila moja nililipigilia kwa msumari mmoja katikati. Mtoto alilipenda. Siku ya kumi na mbili nilikuwa nakunja nguo, yeye amekaa nyuma yangu, na mlio wa gari ukakoma. Kimya hicho kila mzazi anakijua. Nilipogeuka nilimkuta macho yamemtoka, kinywa wazi, na sauti haitoki. Kando yake gari lilikuwa na magurudumu matatu, na pale pa nne msumari umesimama wima. Nikamlaza kifudifudi mapajani, kichwa kikielekea chini, nikampiga kwa kiganja katikati ya mabega. Pigo la kwanza, la pili. La tatu gurudumu likaruka, likaviringika hadi mlangoni, na mtoto akalia. Sijapata kusikia kilio kitamu kama kile.

Sababu ya gurudumu kutoka ni rahisi, na najilaumu kwamba niliijua kwa upande wa milango nisiifikirie kwa upande wa mtoto. Msumari hushikwa na ubao kwa kubanwa tu. Gurudumu linapozunguka hutikisa msumari kila mzunguko. Mate yanaingia, ubao unavimba, unakauka, unasinyaa, na kila mara tundu linapanuka kidogo. Rangi yangu nyekundu ilifunika yote hayo nisiyaone.

Basi shika kipimo hiki kabla ya vingine vyote. Wakaguzi wa vichezeo katika nchi nyingi wana kikombe kidogo cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 31.7. Sehemu yoyote ya kichezeo cha mtoto wa chini ya miaka mitatu, au kipande chochote kinachoweza kung'oka, kikitumbukia chote humo bila kukandamizwa, kichezeo hicho hakifai. Gurudumu langu lingetumbukia. Wewe huna kikombe hicho, lakini una bomba la kadibodi la karatasi ya chooni, ambalo ni pana zaidi kidogo. Kinachopita ndani ya bomba hilo asipewe. Upana ule wa ziada ni wa kukulinda wewe.

Sasa tuingie kazini. Gari lako litakuwa na ubao mmoja, magurudumu manne na vijiti viwili vya ekseli, vinavyopita ndani ya ubao kushika magurudumu. Basi. Hakuna kingine juu yake.

Tafuta ubao mkavu, usio na kifundo, wenye urefu wa sentimita 14, kimo sentimita 6 na unene sentimita 4, nyuzi zake zikienda na urefu wa gari. Unene huo wa sentimita 4 nimeuchagua kwa sababu ya kiganja: mtoto anaweza kuukumbatia kwa juu, kidole gumba upande huu na vingine upande ule. Msonobari utakufaa kwa msumeno ulio nao. Ni laini, ukiukandamiza kwa ukucha unaacha alama, na meno nayo yataacha alama. Usijali, alama za meno hazina madhara. Adui yako ni kibanzi. Kabla hujaukubali ubao, chukua kipande chembamba cha pembeni ukivunje kwa mkono. Kikivunjika kwa kutoa vijinyuzi virefu vikali kama sindano, uache ubao huo na utafute mwingine. Kuna mbao ngumu nzuri pia, ila zingatia uzito: gari zima la vipimo hivi kwa msonobari litakuwa kama gramu 230, na kwa mti mgumu litakaribia 370. Litaanguka juu ya kidole cha mguu wake, na huenda likatua kichwani kwa mtoto mwenzake. Mimi nachagua jepesi.

Toboa kabla ya kuchonga umbo, wakati ubao bado una pande zilizonyooka. Huu ndio ushauri unaopuuzwa na wengi, halafu wanashangaa gari linaenda kombo. Weka alama mbili, kila moja sentimita 3 kutoka mwisho wa ubao na sentimita 1.5 kutoka ukingo wa chini. Laza ubao ubavu, chini yake weka kipande kibovu cha mbao ili biti ikitokeza upande wa pili isirarue nyuzi. Toboa kwa biti ya milimita 11 ubao wote. Mwombe mkeo asimame kando akutazamie kama keekee imesimama wima, kwa sababu aliyeishika haoni vizuri inavyolala upande.

Vijiti vya ekseli viwe vya mti mgumu, vya mviringo, vyenye unene wa milimita 10. Kwa hiyo vitazunguka kwa urahisi ndani ya tundu la 11. Kama biti uliyo nayo ni ya 10 peke yake, toboa yote kwa hiyo, kisha upige msasa sehemu ya katikati ya kijiti mpaka kizunguke bila kukwama, ukiacha ncha zake zikiwa nene.

Magurudumu ndiyo yatakayokutoa jasho. Yawe na kipenyo cha sentimita 5 na unene wa sentimita 2. Hapo hata likitokea la kutokea na moja likatoka, koo halilipokei. Najua utashawishika kukata vipande vya tawi la mti, maana tayari ni duara. Usifanye hivyo. Mti ukikauka husinyaa kwa kuzunguka duara karibu mara mbili kuliko unavyosinyaa kuelekea kiini, kwa hiyo kipande cha tawi hupasuka kutoka ukingoni hadi katikati, kama kipande cha keki kilichotolewa. Plaiwudi nayo siipendi hapa, kwa kuwa kingo zake zikilowa mate siku baada ya siku huanza kuachana. Tumia ubao wa aina ileile, wenye unene wa sentimita 2. Chora duara kwa bikari, toboa kwanza tundu la katikati la milimita 10, kisha kata pembe nne kwa msumeno upate pande nane, kata tena upate kumi na sita, na zilizobaki zimalize kwa tupa. Pitisha kijiti katikati, uzungushe gurudumu mbele ya penseli uliyoishika bila kutikisika. Panapogusa penseli ndipo palipozidi. Nilipoanza, gurudumu moja lilinichukua nusu saa nzima. La nne lilinichukua dakika kumi.

Sasa viringisha. Mgongo wa gari uwe kama mgongo wa kobe, usiwe na kona hata moja. Kingo zote, za mwili na za magurudumu, ziwe duara kama ncha ya kidole chako kidogo. Anza na msasa namba 80, uende 120, kisha 180. Halafu fanya jambo ambalo kwenye kabati nisingelifanya: futa gari lote kwa kitambaa chenye maji, uliache likauke. Utalikuta limekuwa na manyoya. Hizo ni nyuzi zilizoinuka, na zingeinukia mdomoni mwa mwanao. Zipige msasa namba 240. Lowesha tena, kausha, piga tena. Mara ya tatu hakuna kitakachoinuka. Ukitaka kuhakikisha, pitisha fundo la pamba kila mahali. Pamba ikiacha uzi mahali fulani, hapo bado pana kibanzi.

Kuunganisha ni hesabu ndogo: unene wa mwili milimita 40, magurudumu mawili 40, na nafasi ya milimita 2 kila upande, jumla 84. Huo ndio urefu wa kijiti kimoja. Paka nta ya mshumaa katikati ya kijiti, sehemu ile itakayokuwa ndani ya mwili, ili kiteleze. Gundi iwe ile nyeupe ya mbao iliyoandikwa kwamba inastahimili maji, na uipake kwenye tundu la gurudumu na kwenye ncha ya kijiti tu. Kabla ya kubana, weka kati ya gurudumu na mwili kipande cha karatasi uliyoisugua nta, gundi isije ikagandisha gari lako. Karatasi utaitoa baadaye. Gundi ikauke siku nzima. Mtoto ataliona na kulililia, lifiche.

Kisha lijaribu bila huruma. Viwango vya Ulaya huangusha kichezeo cha mtoto mdogo mara 5 kutoka kimo cha sentimita 85 juu ya bamba la chuma, na huvuta sehemu zake kwa nguvu ya niutoni 90, ambayo ni kama uzito wa kilo 9. Wewe liangushe kwenye saruji. Halafu funga kamba kwenye gurudumu, shika mwili wa gari, na kwenye kamba tundika ndoo yenye lita 9 za maji. Hesabu mpaka kumi. Fanya kwa kila gurudumu. Ndoo ikianguka, mshukuru Mungu kwamba imeanguka mbele yako.

Akishaanza kulichezea, kila mwisho wa wiki lishike mwenyewe. Zungusha magurudumu, pitisha kidole kwenye kingo. Panapochubuka piga msasa. Gari likipata ufa, litoe, hata kama analia.

Bibi Fundi, shikamoo. Vitofali vya mbao nimekwisha kuvikata na kuvisugua, vimekuwa laini kama sabuni. Sasa nipake nini? Duka lina vanishi na rangi za kila namna, na mama mkwe anasema nipake mafuta ya kupikia tu. Mtoto ana miezi 11.
*Mama wa Vitofali*

Marahaba mwanangu. Unaweza usipake kitu chochote, na hilo si uvivu. Mbao zilizosuguliwa vizuri zinajitosheleza. Zifute kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, uzikaushe kivulini, na usiziloweke.

Mama mkwe ana nia njema na nusu ya jibu. Mafuta ni sawa, lakini mafuta mengi ya kupikia hayakauki ndani ya mbao. Yanabaki yakinata, yanakusanya vumbi, mwishowe yanachacha na kutoa harufu. Yanayokauka kweli ni mafuta ya mbegu za kitani. Chukua yale mabichi. Yale yanayouzwa kwa jina la "yaliyochemshwa" mara nyingi hayakuchemshwa bali yametiwa dawa za madini ili yakauke upesi, na mdomo wa miezi 11 hauhitaji dawa hizo. Mabichi yanachelewa mno, wiki kadhaa, kwa hiyo paka tabaka jembamba sana, subiri robo saa, ufute yote yaliyobaki juu. Usipake mafuta ya njugu wala ya karanga, kwani wapo watoto ambao miili yao huyakataa vibaya, nawe bado hujui kama wako ni mmoja wao.

Ukitaka ving'ae kidogo, changanya sehemu moja ya nta ya nyuki na sehemu tatu za mafuta. Weka mchanganyiko kwenye kopo, na kopo ulisimamishe ndani ya sufuria ya maji ya moto. Nta huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64, kwa hiyo moto wa moja kwa moja hauna kazi hapa na unaweza kuiwasha.

Na hili nakuomba ulisome mara mbili. Kitambaa ulichopakia mafuta ya kitani usikikunje, usikitupe kwenye kapu, usikifungie kabatini. Mafuta haya yanapokauka hutoa joto. Kitambaa kikiwa kimekunjwa joto halina pa kutokea, linapanda, na kitambaa kinaweza kuwaka chenyewe saa kadhaa baadaye, watu wamelala. Kitandaze nje, kimoja kimoja, kwenye ukuta au waya, mpaka kikakamae kabisa. Au kitumbukize ndani ya maji. Karakana nilimojifunzia kazi iliungua kona moja kwa kitambaa cha ukubwa wa leso.

Rangi? Kama ni lazima, nunua ile iliyoandikwa waziwazi kwamba ni ya vichezeo vya watoto, na ambayo kopo lake linasema haina madini ya risasi. Rangi iliyobaki kwenye mlango au geti usiiguse. Rangi zenye risasi bado zinatengenezwa katika baadhi ya nchi, na macho hayawezi kuitambua.

Salaam dada. Mimi ni babu wa mjukuu mmoja wa kike, ana mwaka na nusu. Nimefungua sanduku la zamani nikakuta farasi wa mbao niliyechongewa na marehemu baba yangu. Bado mzima, ila rangi yake ya njano inabanduka kidogo masikioni. Nataka kumsugua, nimpake rangi mpya, nimpe mjukuu. Naona kama baba yangu ndiye anayempa. Unanishaurije?
*Babu mwenye Farasi*

Wa alaykum salaam, kaka yangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na jibu langu halitakufurahisha: usimsugue, na usimpe.

Rangi za zamani, hasa za njano, nyekundu na chungwa, mara nyingi zilitiwa madini ya risasi ili zing'ae na zidumu. Marekani ilipiga marufuku rangi hizo kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978. Farasi wako ana umri mkubwa kuliko tarehe hiyo, kama nilivyoona kwenye picha uliyoambatanisha yenye mwaka nyuma yake. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, na kwamba hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Risasi huumiza ubongo unaokua, na madhara hayo hayarudi nyuma. Chembe zinazobanduka masikioni mwa farasi ndizo mjukuu wako atakazozifikia kwanza, maana masikio ndiyo yanayoshikika na kutiwa mdomoni.

Kumsugua kungekuwa vibaya zaidi. Msasa mkavu unageuza rangi hiyo kuwa vumbi, vumbi linaingia kifuani mwako, kwenye nguo zako na kwenye mkeka anaotambaa mtoto. Kumfunika kwa rangi mpya nako hakusaidii, maana anayetafuna atafika chini.

Mfute taratibu kwa kitambaa chenye maji, ukitupe kitambaa, unawe mikono. Mweke juu, ndani ya kioo kama unacho. Halafu laza karatasi, uchore umbo lake kwa kumzunguka na penseli: shingo ileile, mgongo uleule, miguu iwe minene zaidi na masikio yawe mafupi na ya duara. Kata farasi mpya kwa ubao mmoja wa unene wa sentimita 4. Mkono wa baba yako utakuwa kwenye umbo, na wako kwenye ubao. Ukimaliza nitumie picha, nitafurahi sana kuiona.

Bibi, mbao za paleti, yale majukwaa ya kupakia mizigo, zinafaa? Ninazo nyingi bure.
*Fundi Chipukizi*

Nyingine zinafaa, nyingi hazifai. Tafuta muhuri uliochomwa ubavuni wenye alama ya suke la ngano. Ukiona herufi HT, mbao zilipashwa joto, kiini chake kikafika nyuzijoto 56 kwa dakika 30, kuua wadudu. Ukiona MB, zilifukizwa kwa gesi ya sumu, achana nazo. Zisizo na muhuri, achana nazo pia. Hata ile ya HT hujui ilibeba nini safarini. Ikiwa na doa, harufu au mafuta, isiende kwa mtoto. Vilevile ubao wenye ukijani usio wa asili mara nyingi umetiwa dawa ya kuzuia mchwa, na zipo dawa za zamani zenye aseniki ndani yake. Ubao huo ufanyie uzio. Kwa mtoto, mimi hununua kipande kidogo kipya. Gari moja halili ubao mwingi.

Shikamoo. Binti yangu wa miezi 17 anatembea vizuri. Nimemtengenezea bata wa magurudumu. Kamba ya kumvutia iwe ndefu kiasi gani, na naweza kuweka shanga mwishoni ashike?
*Mama Bata*

Marahaba. Isizidi sentimita 22. Najua utaiona fupi, lakini kamba ndefu hutengeneza kitanzi, na kitanzi kikifika shingoni hakihitaji muda mrefu. Tumia kamba nene ya pamba isiyojikunja. Shanga hapana. Piga fundo kubwa, au weka mpira wa mbao wenye kipenyo cha sentimita 5, kwa kuwa mpira mdogo wa chini ya milimita 44.5 ni hatari kuliko umbo lolote: huziba koo pande zote, hata hewa haipiti ubavuni. Na bata avutwe wewe ukiwapo. Akienda kulala, bata asiende kitandani.

Shikamoo Bibi Fundi. Nilimtengenezea mtoto wa kaka yangu, ana miezi 15, gari kwa vipimo ulivyotoa kwenye toleo moja la nyuma. Lilinichukua siku nne. Amelisukuma mara mbili akaliacha. Anachokitaka ni vile vipande nilivyokata pembeni! Anavibeba, anavipanga, anaviangusha, anavipanga tena. Nimekosea wapi?
*Shangazi*

Marahaba, shangazi wa watu. Hujakosea. Gari litangoja, baada ya miezi miwili mitatu atalirudia kama jipya. Karibu na miezi 15 ndipo watoto wengi huanza kuweza kupandisha kipande kimoja juu ya kingine na kukiachia bila kukiangusha. Kwake hiyo ni kazi kubwa ajabu, na mabaki yako yamempa nafasi ya kuifanya.

Mwalimu mmoja wa New York, Caroline Pratt, aliyekuwa amefundisha useremala kabla ya kuanzisha shule yake ya watoto wadogo mwaka 1914, aliliona jambo hilo. Akatengeneza vitofali vya mbao visivyo na rangi wala picha, vyenye uwiano wa 1 kwa 2 kwa 4: unene mara mbili unatoa upana, upana mara mbili unatoa urefu. Kwa hiyo viwili vidogo vinalingana na kimoja kikubwa, na mtoto anaigundua hesabu hiyo kwa mikono miaka mingi kabla ya kuisoma. Vitofali vyake bado vimo madarasani. Nampenda mwanamke huyu kwa sababu hakuongeza kitu. Alitoa.

Basi mkatie mtoto vitofali kumi, visizidi. Viwe na unene wa sentimita 3.5, upana 7 na urefu 14, na vichache vya nusu urefu. Akizoea utaongeza. Vikubwa vya urefu mzima vikimwelemea, anza na vya nusu. Kata kwa uangalifu vilingane, maana kilichopinda milimita mbili mnara wake hausimami, naye hajui kwamba kosa ni la msumeno.

Ama hayo mabaki anayoyabeba sasa, umeniambia ana wiki nzima nayo. Yachukue usiku akilala. Kila kinachopita kwenye bomba la karatasi ya chooni kitupe jikoni kiwe kuni. Vilivyobaki vipige msasa kingo zote, uviloweshe, uvikaushe, uvipige tena, na alfajiri uvirudishe palepale alipoviacha.